Mbuni wa Sinema Aliyepotea Safarini

Mtu akiuliza ni nani aliyeanzisha sinema, kwa desturi hutajiwa Edison wa Marekani, au wale ndugu wawili Wafaransa, Auguste na Louis Lumière, ambao tarehe 28 Desemba, 1895, waliwatoza watu faranga moja moja watazame picha zao katika mkahawa mmoja mjini Paris. Majibu hayo si ya uongo. Lakini humwacha nje mtu aliyewatangulia akina Lumière kwa miaka saba.

Mtu huyo ni Louis Le Prince, aliyezaliwa Metz, Ufaransa, mwaka wa 1841. Mwaka wa 1866 alihamia Leeds, Uingereza, kufanya kazi katika kiwanda cha shaba cha jamaa ya rafiki yake, na baadaye akamwoa dada ya rafiki huyo.

Msomaji ajue kwamba picha za sinema kwa kweli haziendi. Ni picha nyingi zilizotulia, zilizopigwa upesi upesi moja baada ya moja; zikipitishwa mbele ya taa kwa mbio zile zile, jicho haliwezi kuzitenganisha. Kazi ngumu ilikuwa kuunda mashine ya kuusogeza utepe, kuusimamisha kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, kisha kuusogeza tena. Le Prince kwanza alibuni mashine yenye vioo 16, halafu akaunda nyingine yenye kioo kimoja tu, itumiayo utepe wa karatasi iliyopakwa dawa. Kwa mashine hiyo, mwezi wa Oktoba, 1888, aliwapiga picha mwanawe Adolphe, wakwe zake wawili na mwanamke mwingine wakizunguka bustanini huko Roundhay, Leeds; kisha akapiga magari ya farasi na wapita njia katika daraja la mji.

Mwaka wa 1890 alijitayarisha kwenda New York, alikokuwa mkewe, ili azionyeshe hadharani. Kwanza alipita Ufaransa kumwona ndugu yake wa Dijon. Mwezi wa Septemba akaagana naye ili apande gari la moshi liendalo Paris. Hakufika. Hapakuonekana maiti wala mizigo yake. Wako wasemao kwamba alijiua, na wako wasemao aliuawa kwa ajili ya mashine yake. Hakuna neno hata moja lililothibitishwa.

Mwaka wa 1894 sanduku la Edison, ambalo mtu mmoja mmoja alichungulia tunduni, lilifunguliwa kwa watu mjini New York. Mwaka wa 1898 Edison akaishtaki kampuni moja ya huko kwa kutumia alichodai kuwa ubuni wake, na Adolphe akatoa ushahidi juu ya kazi ya baba yake. Ushahidi wa mtoto juu ya baba asiyejulikana aliko ni mzigo mzito mbele ya hakimu yeyote. Mwaka wa 1901 Edison alishinda, na mwaka huo huo Adolphe akakutwa amekufa kwa risasi. Mwaka wa 1902 mahakama ya rufani iliitangua hukumu ile, lakini jina la Edison lilikuwa limekwisha zoeleka.

Mwaka wa 1930 kibao cha ukumbusho kiliwekwa Leeds mahali pa karakana yake. Picha za bustanini zilizosalia ni 20 tu, nazo hupita kwa sekunde mbili hivi. Mama mkwe wake, Sarah Whitley, anaonekana akirudi kinyumenyume. Alikufa siku kumi baada ya kupigwa picha hiyo.