BMW au Mercedes? Hesabuni kwanza watu wa kiti cha nyuma

Ujumbe wa wiki hii umetoka kwa msomaji wa Tabata, mama wa watoto wawili, mmoja wa miaka saba na mwingine wa miaka mitatu. Anasema yeye na mumewe wana miezi miwili hawaelewani kuhusu gari. Fedha ipo, nusu ni akiba yao na nusu ni mkopo wa SACCOS kazini kwa mume. Mume anataka BMW 320i ya mwaka 2013. Mke anataka Mercedes-Benz C200 ya mwaka huohuo. Wameziona zote mbili yadi, zote nyeusi, bei zimepishana kidogo tu. Ananiita mdogo wake na kuniomba niwaamulie, maana ndani sasa wanasalimiana tu. Mwishoni kabisa, kama mtu aliyekumbuka jambo akiwa ameshaaga, akaongeza kwamba ana ujauzito wa miezi mitano, na kwamba asubuhi hutoka pamoja na dada wa kazi anayewapeleka watoto shule.

Dada, hayo ya mwisho ndiyo yalitakiwa kuwa ya kwanza. Nitayafikia.

Nianze na magari yenyewe, kwa sababu shemeji naye anastahili kusikilizwa. Ukikaa kijiweni na kusikiliza watu wakibishana kuhusu magari haya mawili utadhani ni Simba na Yanga. Kwenye karatasi ni ndugu. 320i ya mwaka huo ina injini ya turbo ya cc 1,997, C200 ina injini ya turbo ya cc 1,796, na zote mbili zinatoa nguvu ya farasi 184. Si 183 kwa 185, ni 184 kwa 184. Zote husukumwa na magurudumu ya nyuma. BMW ina gia nane za otomatiki, Mercedes ina saba. Buti la BMW ni lita 480, la Mercedes lita 475. Tofauti hiyo ya lita tano ni dumu dogo la mafuta ya kupikia, na kwa ajili yake watu wazima wawili hawasemeshani. Kwenye majaribio ya kugongesha magari ya Euro NCAP ya Ulaya, C-Class ya sura hiyo ilipata nyota tano mwaka 2009, na 3 Series ya sura hiyo ikapata nyota tano mwaka 2012.

Kwa hiyo sehemu kubwa ya ugomvi wenu ni nembo. Silaumu. Nchi hii ilikuwa na neno Wabenzi, la wakubwa waliojitokeza baada ya uhuru, na mpaka leo Mercedes ikiingia kwenye harusi watu hugeuka. BMW nayo imeshika sifa ya kijana aliyefanikiwa. Mtu aliyefanya kazi miaka kumi ana haki ya kutaka gari linalomfurahisha. Ila nembo inakaa mbele ya boneti, na mimi nimeulizwa kama mwandishi wa afya, kwa hiyo macho yangu yako nyuma.

Huko nyuma ndiko nilikopata tofauti ya kweli. BMW ya 2013 ilikuwa sura mpya wakati ule. Mercedes ilikuwa sura iliyoanza 2007 na ilikuwa inakaribia kuondoka. Umbali kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma ni sentimita 281 kwa BMW na sentimita 276 kwa Mercedes. Sentimita tano ni upana wa vidole vitatu, na mtu mzima aliyekaa nyuma anaweza asizione. Kwa kichanga ni habari nyingine.

Mtoto mchanga hukaa kwenye kiti chake akiangalia nyuma ya gari. Shingo yake bado ni laini na kichwa chake ni kizito kulinganisha na mwili, hivyo gari likisimama ghafla mgongo mzima wa kiti humpokea badala ya shingo kuvutwa peke yake. Kiti cha namna hiyo kinakula nafasi. Ukikifunga nyuma ya kiti cha dereva mrefu, dereva hulazimika kusogea mbele mpaka magoti yaguse dashibodi. Kwenye gari dogo la michezo, vidole vitatu vinaweza kuwa ndiyo tofauti kati ya baba kukaa vizuri na baba kukiondoa kiti cha mtoto baada ya wiki moja kwa sababu mgongo unamuuma.

Sasa hesabu. Jumatatu asubuhi gari hili litabeba baba, mama, mtoto wa miaka saba, mtoto wa miaka mitatu na dada wa kazi. Hao ni watano, na magari yote mawili ni ya watu watano. Miezi minne ijayo, Mungu akijalia, watakuwa sita. Huyo wa sita atakaa wapi?

Sote tunajua jibu la kawaida. Atapakatwa na mama mbele. Hapa naomba baba na mama msome pamoja. Mtoto wa kilo saba kwenye gari linalogonga kitu likiwa kwenye mwendo wa kilomita 50 kwa saa hutupwa mbele kwa nguvu inayopita uzito wa gunia la mahindi. Hakuna mkono wa mama unaoshika gunia la mahindi linaloruka. Na akiwa mbele, mfuko wa hewa ukifumuka unampiga yeye kwanza, au unamkuta kati yake na kifua cha mama. Kumfunga mama na mtoto kwa mkanda mmoja ni kubaya zaidi, kwa sababu uzito wa mama humkandamiza mtoto kwenye mkanda. Shirika la Afya Duniani linasema kiti cha mtoto kinaweza kupunguza vifo vya watoto wachanga kwenye ajali kwa asilimia 71. Shirika hilohilo linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 duniani. Hakuna nyota za Euro NCAP zinazomhesabu mtoto aliyepakatwa.

Tuseme dada wa kazi ataondoka kwa bajaji, na gari libaki na ninyi watano. Hata hapo viti vitatu vya watoto kwenye kiti cha nyuma cha gari hizi ni kazi. Vishikizo vya Isofix viko pembeni, kushoto na kulia. Katikati kuna mgongo wa chuma sakafuni na sehemu ya kukalia ni nyembamba. Kichanga na wa miaka mitatu watakaa pembeni. Wa miaka saba atabaki katikati, naye bado anahitaji kiti cha kumnyanyua ili mkanda upite begani na kwenye nyonga, usimkate shingo wala tumbo. Nchi nyingi humtoa mtoto kwenye kiti hicho akifikisha urefu wa kati ya sentimita 135 na 150. Je, kitaenea? Inategemea upana wa viti mtakavyonunua. Nendeni yadi na viti vyenyewe, au mkope vya rafiki, mvifunge vyote vitatu, kisha milango ifungwe na shemeji akae kwenye usukani. Muuzaji akinuna, mwacheni anune. Jaribio hili litawaambia mengi kuliko kulizungusha gari mtaa mmoja na kurudi.

Kisha kuna mambo ya fundi, ambayo kwa mkopo wa SACCOS si madogo. Magari haya mawili yana ugonjwa unaofanana, na huo ni cheni ya taimingi. Kwenye BMW hii tatizo linalojulikana ni reli za plastiki zinazoongoza cheni, ambazo huchakaa na kukatika. Kwenye Mercedes cheni hutanuka na meno ya gia zake kuliwa. Cheni ikiruka, injini inaweza kufa. Kwa hiyo msiende yadi mchana baada ya gari kuwashwashwa kwa wateja. Nendeni asubuhi injini ikiwa ya baridi, fundi wenu, si wa muuzaji, awe ameinamia boneti wakati inawashwa. Mlio wa kukwaruza kwa sekunde chache ni sababu ya kuondoka. Mercedes hii pia inajulikana kwa loki ya umeme ya usukani. Siku moja unazungusha ufunguo na gari halijibu kabisa, kama mtu aliyezimia.

Mifuko ya hewa ina hadithi yake. Kampuni ya Japan iitwayo Takata ilitengeneza vifyatuzi vya mifuko hiyo ambavyo kemikali yake huharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi, kisha siku ya ajali hulipuka na kurusha vipande vya chuma usoni mwa dereva. Watu wamekufa, mamilioni ya magari yakaitwa yarudi kubadilishiwa, na Takata yenyewe ikafilisika mwaka 2017. Baadhi ya C-Class za sura mnayoitazama zimo kwenye wito huo, na BMW 3 Series nyingi za sura iliyotangulia hii ya kwenu nazo zimo. Joto na unyevu ndiyo hali ya hewa yetu Dar es Salaam kuanzia Januari hadi Desemba, na gari lililouzwa nje kabla ya kubadilishiwa linaweza kuwa limepanda meli hivyohivyo. Chukueni namba ya chesisi, tarakimu na herufi 17, mkaikague kwenye tovuti ya kampuni au kwa wakala wake kabla ya kulipa hata shilingi.

Kuhusu mgongo wa mjamzito, nitakuwa mfupi. BMW hizi kwa kawaida huja na matairi yenye kuta ngumu yanayoweza kutembea bila upepo, kama kilomita 80 kwa mwendo usiozidi 80. Ndiyo maana hazina tairi la spea, na ndiyo maana kila tuta unalisikia kiunoni. Mercedes kwa jumla ni laini zaidi kwenye barabara mbovu. Hapo dada una hoja. Lakini tairi linabadilishwa, na sentimita tano za nyuma haziongezwi na fundi yeyote. Ukikaa mbele, sogeza kiti nyuma kadiri inavyowezekana. Ukiendesha mwenyewe, kifua kiwe angalau sentimita 25 kutoka usukani. Mkanda wa chini upite chini ya tumbo, juu ya mapaja, na wa juu upite katikati ya matiti na pembeni mwa tumbo. Usiuache eti unambana mtoto. Ukiacha mkanda, usukani ndio utakaombana.

Na farasi 184? Kwenye foleni ya Barabara ya Mandela farasi hao wanalala. Wataamka siku ya safari ya Moshi, na siku hiyo kumbukeni kwamba kila asilimia moja ya mwendo inayoongezeka huongeza hatari ya ajali ya kifo kwa kama asilimia nne. Tochi ya trafiki ndiyo hasara ndogo kuliko zote.

Mmeniomba niamue, naamua. Kati ya hizo mbili, kama viti vitatu vimeenea, cheni iko kimya na dada wa kazi ana usafiri mwingine, chukueni BMW, mtoe yale matairi magumu muweke ya kawaida, na mnunue tairi la spea la kukaa kwenye buti. Shemeji asishangilie bado. Kama viti havikuenea, au kama dada wa kazi lazima apande kila siku, basi zote mbili si gari lenu mwaka huu, na fedha hiyohiyo itawapatia gari la safu tatu za viti lisilogeuza shingo ya mtu yeyote harusini. Najua hilo si jibu mlilolitaka, wote wawili.

Vyovyote mtakavyochagua, tengeni fedha ya viti vya watoto kabla ya kukubaliana bei ya gari, si baada. Vya mtumba vipo, lakini msinunue kilichowahi kuwa kwenye ajali au kisicho na lebo ya viwango, kwa sababu plastiki yake huenda ina nyufa ambazo jicho halizioni. Mkishakifunga, kishikeni pale mkanda unapopita mkivute kushoto na kulia. Kikicheza zaidi ya sentimita mbili na nusu, fungueni mkifunge upya.