AFYA NYUMBANI: Mishipa ya Kongosho na Lango la Ini

Vijito vinavyoteremka kutoka milima ya Rwenzori huingia katika mto Nyamwamba, nao hupita Kilembe na Kasese kuelekea Ziwa George. Damu ya tumboni husafiri kwa namna hiyo hiyo.

Kongosho limelala nyuma ya mfuko wa chakula. Kichwa chake kimekumbatiwa na duodeni, yaani ule mwanzo wa utumbo mwembamba, wenye urefu wa sentimeta 25 hivi. Vena ndogo za hapo, za juu na za chini, za mbele na za nyuma, hukusanya damu ya viungo vyote viwili. Nyingi huishia katika vena kuu ya utumbo. Ile ya juu ya nyuma kwa kawaida huingia moja kwa moja katika vena ya lango la ini. Kiwiliwili na mkia wa kongosho humwaga damu katika vena ya wengu. Vena ya utumbo na ya wengu hukutana nyuma ya shingo ya kongosho, na hapo ndipo vena ya lango huzaliwa. Kwa hiyo damu hii haiendi moyoni kwanza. Hupitia ini, ikibeba chakula pamoja na insulini, na ini huchukua karibu nusu ya insulini hiyo kabla viungo vingine havijaionja.

Njia hiyo ina adui. Mwaka 1851, mjini Cairo, daktari Mjerumani Theodor Bilharz aliona minyoo ndani ya vena ya lango alipokuwa akipasua maiti. Kichocho cha matumbo, kinachowasumbua wavuvi wa Ziwa Albert hata leo, huletwa na ndugu wa minyoo hiyo. Mayai yao husukumwa na damu hadi ini, yakaacha makovu kandokando ya matawi ya vena. Damu ikizuiwa hufanya kama Nyamwamba ulivyofanya tarehe 1 Mei 2013: hutafuta pengine pa kupita. Wengu huvimba, vena za umio hutanuka, na zikipasuka mgonjwa hutapika damu.

Hapo majirani huanza kunong'ona habari za sumu na uchawi, na saa za thamani hupotea. Atapikaye damu, au mwenye choo cheusi kama lami, apelekwe hospitali mara moja, wala asilishwe kitu njiani. Dawa ya prazikwanteli, ambayo Uganda ilianza kuigawa kwa mpango wa taifa mwaka 2003, huua minyoo. Makovu makongwe haiyaondoi kwa urahisi. Maji ya ziwani ya kuogea yawekwe siku mbili kamili katika chombo kisicho na konokono, kwani vijidudu vya kichocho vikikosa ngozi ya kupenya hufa humo.