Tangi la samaki la kompyuta: aliyekwisha kununua alipe tena?

WENYE maduka ya kuchapa barua na kutoa fotokopi, pamoja na vituo vya intaneti vilivyofunguliwa miaka ya 2000, wanalikumbuka tangi la samaki lililokuwa likijitokeza kwenye kioo pale kompyuta ilipokaa dakika kadhaa bila kuguswa. Samaki wa rangi walipita mbele ya matumbawe, mapovu yalipanda juu, na mteja aliyekuwa akisubiri zamu yake alipata cha kutazama.

Programu ya aina hiyo, yaani kihifadhi skrini, ikiwekwa leo kwenye kompyuta mpya mara nyingi haiendi sawasawa. Nyingine hazifunguki kabisa. Nyingine zinafunguka lakini samaki wanaonekana wanene kupita kiasi, au wanakimbia kama waliofukuzwa na papa. Watengenezaji wanalazimika kuzifanyia ukarabati mkubwa, na hapo ndipo ugomvi unapoanza. Mnunuzi wa zamani anasema alikwishalipa na hadaiwi kitu. Mtengenezaji anasema kazi ni mpya na inataka fedha mpya.

Ugomvi huo unaweza kuonekana mdogo kwa mtu anayehangaika na bei ya mbolea. Lakini mwenye duka aliyenunua programu ya kuandika mauzo, au mfugaji anayeweka kumbukumbu za maziwa kwenye kompyuta, yuko katika mkataba wa namna ile ile, na mara nyingi hajausoma. Tangi la samaki ni mfano mwepesi wa kuutazama mkataba huo.

Vihifadhi skrini vilianza kwa sababu ya msingi. Vioo vya zamani, vile vizito vyenye kisogo kama cha luninga, viliungua pale picha moja ilipokaa muda mrefu, na alama yake haikufutika. Mwaka 1983 Mmarekani John Socha alichapisha katika jarida programu fupi ya kuzima kioo cha kompyuta ya IBM ilipokaa bila kazi. Mwaka 1989 kampuni ya Berkeley Systems ya California ilitoa After Dark, na moja ya picha zake lilikuwa tangi la samaki. Kisha mwaka 2000 likaja SereneScreen Marine Aquarium, kazi ya Jim Sachs, msanii aliyekuwa amejulikana kwa michoro ya mchezo wa Defender of the Crown wa mwaka 1986. Mwaka 2001 Microsoft waliliweka tangi lake katika kifurushi cha nyongeza cha Windows XP kilichoitwa Plus!, na likafika hata kwa watu ambao hawakuwahi kulisikia jina la msanii huyo.

Tangu wakati huo karibu kila kitu kinacholizunguka tangi kimebadilika.

Vioo vya wakati ule vilikuwa karibu mraba, kwa uwiano wa 4 kwa 3. Vya leo vingi ni 16 kwa 9. Picha ya zamani ikivutwa ijaze kioo kipya, kila samaki anarefuka kwa theluthi moja bila kuongezeka kimo. Kioo cha nukta 800 kwa 600 kilikuwa na nukta 480,000. Kile kinachoitwa 4K kina nukta 3,840 kwa 2,160, yaani zaidi ya milioni 8, ambazo ni mara 17. Ngozi ya samaki iliyochorwa kwa nukta 256 kwa 256 ilitosha wakati ule. Kwenye kioo kikubwa inaonekana kama picha ya gazeti iliyolowa maji.

Ugumu ni kwamba hakuna kompyuta inayoweza kurudisha magamba ambayo msanii hakuyachora. Ngozi ya nukta 1,024 kwa 1,024 ina nukta mara 16 ya ile ya zamani, na kila samaki anatakiwa kuchorwa upya, pezi kwa pezi. Watu wengi hudhani gharama ya kufufua programu ya namna hii iko kwenye hesabu za kompyuta. Sehemu kubwa iko kwenye mkono wa mchoraji.

Fundi wa programu naye ana yake. Kadi za michoro za wakati ule zilipokea maagizo machache yaliyowekwa na kiwanda. DirectX 8, iliyotoka mwishoni mwa mwaka 2000, ilifungua njia ya fundi kuandika mwenyewe jinsi mwanga unavyopita kwenye maji au unavyong'aa kwenye gamba, na leo hiyo ndiyo njia ya kawaida. Apple waliondoa programu za biti 32 katika mfumo wao mwaka 2019. Windows ya biti 64 haiendeshi programu za biti 16, kwa hiyo matangi ya mwanzoni mwa miaka ya 1990 hayafunguki humo bila ujanja wa pembeni. Kuhusu samaki wanaokimbia, sababu ni ndogo: fundi alimwamuru samaki asogee hatua moja kila picha inapochorwa. Kioo kinachochora picha 120 kwa sekunde badala ya 60 kinamfanya aogelee kasi maradufu. Dawa ni kupima mwendo kwa sekunde.

Sasa nani alipe?

Mwenye mashine ya kusaga nafaka haombi injini mpya bure kwa kuwa alinunua ya kwanza. Lakini akigundua kwamba beringi zilitoka kiwandani na kasoro, ana haki ya kutengenezewa bila malipo. Programu ina tofauti moja inayowachanganya wanunuzi: haichakai. Ile iliyouzwa mwaka 2001 iko vile vile hadi leo, na ikirudishwa kwenye kompyuta ya mwaka 2001 itafanya kazi yote iliyoahidiwa. Kilichohama ni kompyuta, na aliyehamisha si mchora samaki.

Kwa hiyo kutia kiraka, kama vile kurekebisha uwiano wa kioo au kasi ya samaki, ni haki ya mnunuzi wa zamani na kunapaswa kuwa bure kwa miaka inayoeleweka. Kuchora samaki upya na kuandika upya injini ya mwanga ni bidhaa nyingine. Hiyo ilipiwe, kwa punguzo kwa mteja wa zamani.

Anayeona hukumu hiyo ni kali apige hesabu. Ichukuliwe kwa mfano tu kwamba kazi inamchukua fundi mmoja mwaka mzima, na kwamba mwaka wake una thamani ya dola 40,000. Programu ikiuzwa dola 20, na nusu ikabaki baada ya kodi, ada za malipo na matangazo, wanatakiwa wanunuzi 4,000 kurudisha gharama peke yake. Wa zamani wote wakipewa bure, hao 4,000 lazima wawe wapya. Ahadi ya matoleo ya bure maisha yote ni deni ambalo muuzaji hulilipa kwa fedha za wateja wa kesho, na siku wateja hao wanapopungua kazi inasimama. Kwa mkulima, hiyo ni sawa na kuahidi mavuno ya shamba ambalo halijalimwa.

Kasoro iko pia upande wa pili. Wapo wauzaji wa programu walioona dawa ni kutoza kila mwezi. Kwa programu ya hesabu inayofuata mabadiliko ya kodi kuna hoja. Kwa tangi la samaki hakuna: matumbawe hayabadiliki kila mwezi, na mfanyabiashara mdogo hapaswi kubebeshwa kodi ya pango kwa ajili ya pambo.

Soko lenyewe limehama. Vioo vya bapa vya LCD haviungui kwa urahisi kama vile vizito, na kompyuta za leo huzima kioo zenyewe. Kumwuzia tena mtu wa mezani ni kumuuzia mwavuli kiangazi. Wanunuzi waliobaki ni wenye luninga kubwa ukutani: mapokezi ya hoteli, zahanati, benki, kinyozi. Hao ndio toleo jipya liwalenge. Lakini mtengenezaji ajihadhari, kwani vioo vya OLED vinavyoenea sasa vimerudisha ugonjwa wa zamani wa kuungua. Samaki wanatembea, ila jiwe na tumbawe nyuma yao vinakaa pale pale saa kumi kwa siku, na vinaweza kuacha alama. Toleo linalostahili kulipiwa lazima lisogeze mandhari nzima polepole, kama mtu anayepita mbele ya tangi.

Umeme nao uhesabiwe. Jina kihifadhi skrini limewadanganya wengi wakaamini kinaokoa umeme, wakati kinafanya kompyuta iendelee kufanya kazi. Kompyuta na kioo vikila wati 100 kwa saa 10, hiyo ni uniti moja; kituo chenye mashine kumi kinapoteza uniti kumi kwa siku kuwafurahisha viti vitupu. Toleo jipya liweke kikomo cha picha kwa sekunde na lizime kioo baada ya muda ambao mwenye duka atauchagua.

Kuna wanaokwepa malipo kwa kutafuta nakala za wizi. Katika Windows faili la kihifadhi skrini ni programu kamili yenye uwezo wa kufanya lolote ndani ya kompyuta, na waeneza virusi wanalijua hilo siku nyingi. Mwenye duka anayehifadhi madeni ya wateja kwenye mashine hiyo hiyo anahatarisha daftari lake lote kwa ajili ya kangaja wa buluu, samaki ambaye wavuvi wa pwani ya Kenya humkamata akiwa hai na wafanyabiashara humsafirisha ng'ambo kwenda kwenye matangi ya kweli.

Jambo moja watengenezaji hulisahau wanapotoa toleo jipya, nalo ni kuliacha la zamani lipatikane. Kompyuta za Windows XP bado zipo kwenye meza za watu, ingawa Microsoft waliacha kuzihudumia tarehe 8 Aprili 2014. Mwenye kompyuta hiyo akibadilisha diski, anapaswa kuweza kulirudisha tangi lake kwa namba ile ile ya kufungulia aliyopewa siku aliponunua, bila programu kwenda kuomba ruhusa kwenye mtandao wa kampuni ambayo huenda imekwishafungwa.