Mkono Mtupu Mbele za Mungu

Wazee wetu walinena, "Mkono mtupu haurambwi." Katika mambo ya ulimwengu neno hili ni kweli. Lakini wako Wakristo wengi walioichukua mithali hii wakaiingiza kanisani, wakamfanya Mungu kuwa kama jumbe apokeaye zawadi kabla ya kusikiliza shauri. Mmoja asema, "Mimi ni mwenye haki, kwa kuwa sikosi ibada wala sadaka." Mwingine akaa nyumbani, asema, "Nitakuja nikiisha kutengenea." Hawa wawili hawafanani kwa sura, walakini kosa lao ni moja: wote wadhani haki ni mshahara.

Na tumwulize Ibrahimu. Kitabu cha Mwanzo, sura ya 15, chatuambia ya kuwa alimwamini Mungu akahesabiwa haki. Je, alitahiriwa lini? Katika sura ya 17, akiwa na umri wa miaka 99. Na Ishmaeli mwanawe, ambaye siku ile ya kwanza alikuwa hajazaliwa, sasa alikuwa na miaka 13. Torati ya Musa nayo ilikuwa haijaja. Basi, alihesabiwa haki kwa tendo gani? Hoja hii ndiyo aliyoitumia Paulo katika Warumi 4.

"Lakini," wauliza, "Mungu wa kweli awezaje kumwita mkosaji mwenye haki? Huo si uongo?" Si uongo, kwa maana deni limelipwa. Mtu aliyelipiwa deni la dukani na ndugu yake hawi tajiri siku ile; mfuko wake ungali mtupu; walakini mwenye duka hana neno naye tena. Kristo alilipa msalabani. Kwa hiyo twahesabiwa haki tungali wapungufu, na ajisifuye ajisifia fedha ya mwingine.

Kwa ajili ya jambo hili Martin Luther alipinga biashara ya hati za rehema huko Wittenberg mwaka 1517, na Kanisa la Ulaya likafarakana. Hata hivyo, tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, Walutheri na Wakatoliki walitia sahihi tamko la pamoja, wakikiri kwamba mtu hukubaliwa na Mungu kwa neema, katika imani kwa Kristo, wala si kwa kustahili kwake. Ikiwa waliogombana hivyo wamepatana katika neno hili, mbona sisi twarudia kununua na kuuza?

Wengine wanung'unika, "Mwalimu, ukifundisha hivyo watu watastarehe katika dhambi." Na wamtazame Zakayo, katika Luka 19. Bwana alijialika kwanza nyumbani mwake. Ndipo Zakayo akatoa nusu ya mali yake kwa maskini, akaahidi kurudisha mara nne alichodhulumu. Matendo mema ni mavuno, si mbegu. Naye asiyevuna kitu na ajiulize kama mbegu ilipandwa kweli.

Basi, ndugu ukaaye nyumbani, usingoje kutakata ndipo uje. Hakuna aendaye mtoni akiisha kuoga. Nawe uketiye kiti cha mbele, usimzuie mlangoni. Mbele za wanadamu mkono mtupu haurambwi. Mbele za Mungu, mkono uliojaa hauna nafasi ya kupokea.