TUNZA CHOMBO CHAKO: Kupaka upya boti la alumini

Ndugu mvuvi, rangi ya boti lako imebanduka. Unataka kuipaka upya. Vizuri, lakini alumini si chuma. Ni kama sufuria.

Usiitoe rangi kwa moto. Chuma kikipata moto mkali huwa chekundu, ukaona hatari. Alumini haiwi nyekundu. Ikifika nyuzi 660 huyeyuka tu. Kostiki ya kutengenezea sabuni pia usitumie, maana hula alumini.

Kwangua kwa ubao mgumu, kisha piga msasa. Loanisha msasa kwa maji, vumbi lisiruke. Rangi za zamani huweza kuwa na madini ya risasi, nayo ni sumu. Watoto wakae mbali kabisa.

Osha, kausha, upake rangi ya kwanza ya alumini siku hiyo hiyo. Ukichelewa, utando hujifanya juu ya alumini na rangi haishiki.

Ipo rangi ya kuzuia majani yasiote chini ya boti. Muulize mwenye duka kama ina shaba. Shaba na alumini zikikutana majini, alumini huliwa, na boti hutoboka ukiwa mbali na pwani. Kama ina shaba, mrudishie, hata akikupunguzia bei.