Ushahidi upo kwenye simu, nani wa kuutoa?

Kila nikikaa kafe hapa Mwanjelwa, madogo waliomaliza form six wananiuliza kuhusu ile kozi ya UDOM, shahada ya uhandisi wa usalama wa mtandao na uchunguzi wa kidijitali. Wengi wanadhani ukitoka pale Dodoma unakuwa mdukuzi wa kwenye muvi. Mimi nabisha, na sababu yangu inaanzia Uyole kwa shangazi.

Shangazi anauza viazi. Siku hiyo alikuwa anasubiri namba ya kumlipa mwenye lori, ikaingia meseji: ile hela itume kwenye namba hii. Akatuma laki na themanini. Mengine mnayajua. Jioni akanipigia, "Mwanangu, we si unashindaga kwenye kompyuta? Nirudishie hela yangu." Kufika nikakuta binamu yangu ameshaifuta ile meseji kwa hasira. Kwenye kituo tulichoenda, wakapiga picha skrini ya muamala kwa simu nyingine, wakaandika jina, basi. Kimya hadi leo.

Ripoti za TCRA za miaka ya 2023 na 2024 zilikuwa zikizitaja Rukwa na Morogoro kama vinara wa utapeli wa simu, na Rukwa ni hapo tu ukishavuka Songwe. Namba ya kuripoti ipo, 15040, na line ya tapeli inafungiwa. Sawa. Lakini kufungia line siyo kumfunga mtu.

Kumfunga mtu ni habari ya mahakamani, na sheria zetu hapo zimetoka mbali. Mwaka 2000 Mahakama Kuu, divisheni ya biashara, katika kesi ya Trust Bank na Le-Marsh, ilikubali karatasi zilizotolewa kwenye kompyuta ya benki kuwa ushahidi. 2007 Sheria ya Ushahidi ikaongezewa kifungu cha 40A kwa kesi za jinai. Ikaja Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, kifungu cha 18: mahakama iangalie data ilitengenezwaje, ilitunzwaje, na mwenye kuituma katambulikaje.

Hapo ndipo huyo msomi wa Dodoma anapoingia. Simu anaitenga na mtandao isije ikafutwa na mtu aliye mbali. Anatoa nakala ya kila kilichomo na kufanya kazi kwenye nakala, siyo kwenye simu yenyewe. Halafu anaikokotolea alama, kwa mfano SHA-256, ambayo ni mlolongo mrefu wa namba na herufi. Gusa hata nukta moja kwenye faili, alama yote inageuka. Wakili akisema "mmechakachua", unamwonyesha alama ya siku ya kwanza na ya leo, zinafanana. Na muda wote anaandika: nani kashika simu, saa ngapi, kampa nani. Kwa kweli ni kazi ya kalamu kuliko ya udukuzi!

Wa Iringa watanielewa haraka. Septemba 2, 2012 mwandishi Daudi Mwangosi aliuawa Nyololo, Mufindi, na picha za tukio zikasambaa nchi nzima. Julai 2016 Mahakama Kuu Iringa ikamhukumu askari mmoja miaka 15 kwa kuua bila kukusudia. Mtaani picha ikishasambaa kila mtu ni hakimu. Mahakamani wanauliza nani kaipiga, kwa kamera ipi, imekaa wapi tangu siku ile.

Sasa angalieni ukanda wetu. Mbeya tuna MUST wanaofundisha uhandisi wa kompyuta. Iringa wana sheria, RUCU na Chuo Kikuu cha Iringa. Wa kompyuta haijui mahakama, wa sheria anaiogopa kompyuta. Ajira za serikali foleni yake ni kama daladala za Uyole saa kumi na mbili jioni, sibishi, ila benki, kampuni za simu na mawakili nao wanamhitaji mtu wa katikati. Dogo mwenye PCM, fungua mwongozo wa TCU uangalie vigezo kabla hujakurupuka. Mimi nilisoma HGL, nimeomba sheria Iringa.

Simu ya shangazi ninayo. Nimeizima, maana meseji iliyofutwa inaweza kupatikana kama haijaandikiwa juu. Iko kwenye bahasha, na juu nimeandika tarehe na saa niliyoipokea.