Sillabusi si bidhaa yetu pekee

Kuna neno moja ambalo kila mwanafunzi wa Kongo analijua kabla hajajua tofauti ya fonimu na mofimu: sillabusi. Unaingia mwaka wa kwanza, bado unatafuta mlango wa darasa, na tayari shefu wa promosheni anasimama mbele na orodha mkononi. Kozi hii dola kadhaa, kozi ile dola kadhaa, na jina lako lisipoonekana kwenye orodha utajitetea mwenyewe siku ya mtihani. Nilisoma hivyo kwenye shule moja kabla ya kufika hapa, na nadhani wasomaji wengi wa jarida letu walisoma hivyo pia.

Ninaanza hapo kwa sababu kila nikisema mbele ya wenzangu kwamba mtu wa lugha anaweza kuishi kwa kuuza anachokijua, wanacheka na kuniuliza: "Na wewe unataka kuuzisha sillabusi?"

Hapana. Sillabusi inayouzwa kwa orodha ni kodi, haina sura ya biashara. Mnunuzi hana ruhusa ya kuiacha, kwa hiyo mwandishi hana haja ya kuitengeneza vizuri. Ndiyo maana bado tunakuta mazoezi ambamo mama anakwenda sokoni kununua mkate kwa zaire, ilhali faranga ilirudi mwaka 1998, kabla wengi wetu hatujazaliwa. Sisemi kwamba walimu wetu ni wabaya. Mshahara wa asistenti tunaujua, na tunajua jinsi unavyochelewa. Ninachosema ni kwamba njia hiyo imetuzoesha kufikiri kuwa ujuzi hununuliwa na mtu aliyebanwa tu.

Mnunuzi wa kweli yuko nje ya uzio wa chuo, na hatumtazami. Ni hakimu aliyesoma Kinshasa akahamishiwa Lubumbashi. Ni daktari msemaji wa Lingala aliyepangwa Bukavu, karani wa benki kutoka Mbuji-Mayi, fundi Mchina wa mgodini Kolwezi, mfanyakazi wa misaada Goma. Katiba ya mwaka 2006 inazitaja lugha nne za taifa: Kikongo, Lingala, Kiswahili na Tshiluba. Lakini barua ya kumhamisha mtu kutoka eneo la lugha moja kwenda eneo la nyingine haiji na kitabu cha lugha. Anafika, anaanza kazi siku ya pili, na wanaolipa upungufu wake ni wagonjwa na washitakiwa.

Nimekuwa nikifundisha watu kama hao jioni kwa miaka miwili. Hakuna hata mmoja aliyeanza kwa kuniuliza kuhusu ngeli. Daktari mmoja aliniambia: "Ndugu mwalimu, mgonjwa akisema tumbo inamukata, inamuchoma, inamunyonga, mimi naandika neno moja tu: maumivu." Kutokana na sentensi hiyo tulitengeneza kurasa sita na sauti 20 za dakika mbili mbili, nikamtumia kwa WhatsApp, akalipa kwa M-Pesa. Wenzake wawili wakaomba zilezile. Mwezi uliofuata wakawa saba. Sikutajirika, lakini sehemu ya ada yangu ya mwaka huu imetoka humo. Na niseme wazi: maneno yale sikuyatoa kichwani mwangu. Niliyapata kwa wauguzi wawili wa uzazi ambao wamesikia matumbo ya mji huu kuliko kamusi yoyote, na kila malipo yanapoingia wao wana fungu lao.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Ujuzi unaouzika mara nyingi uko kwa watu waliofanya kazi miaka mingi, nao hawajui kwamba wana kitu. Sisi wa kitivo cha lugha tuna ufundi wa kukusanya, kupanga, kuandika na kusahihisha. Kila upande peke yake unalala njaa.

Mzee mmoja wa mtaa wetu alikuwa mkalimani wa mahakama kwa zaidi ya miaka 30. Ana madaftari manne. Ndani yake kuna mambo kama haya: karatasi tatu za mahakama ambazo kwa Kifaransa zote huitwa mandat, zikitofautishwa na neno linalofuata. Ya kwanza inakuita ufike. Ya pili inaruhusu uletwe kwa nguvu. Ya tatu inaruhusu uzuiliwe kwa muda. Mtaani zote tatu ni "manda", basi mtu akisikia tu kuwa ana manda anakimbilia kijijini, hata kama alikuwa ameitwa kueleza alichokiona. Akikimbia, anageuka mshukiwa. Mzee ameandika namna ya kueleza kila karatasi kwa sentensi mbili fupi, na pembeni ameweka alama: hii ilieleweka, hii ilileta fujo, hii mama mmoja alilia kabla sijaimaliza. Nimesoma makala kadhaa za nadharia ya tafsiri. Sijaona katika hizo kitu chenye faida kama alama zile za pembeni.

Wakalimani vijana wanamtembelea, wanamletea chupa ya soda, wanauliza maneno matatu, wanaondoka. Soda ndiyo bei ya miaka 30. Nilimuuliza: "Papa, kwa nini usichapishe?" Akajibu: "Mwanangu, mimi si profesa."

André Yav naye hakuwa profesa. Mwaka 1965, mjini hapa Lubumbashi, uliokuwa ukiitwa Elisabethville, mtu huyo aliyefanya kazi za nyumbani kwa Wazungu aliandika kijitabu kwa ajili ya chama cha wafanyakazi wenzake. Alikiita "Vocabulaire", yaani msamiati, ingawa ndani yake ni historia ya mji kama boyi alivyoiona. Alikiandika kwa Kiswahili cha hapa, bila kumwomba mtu ruhusa ya tahajia. Mwaka 1990 Johannes Fabian alikitoa Amsterdam pamoja na tafsiri na maelezo, na baadaye kikawekwa kwenye intaneti bila malipo. Leo wanafunzi wa Ulaya na Marekani wanakisoma darasani. Hapa kwetu nimekutana na wanafunzi wa mwaka wa mwisho ambao hawajawahi kusikia jina lake.

Wengine wanasema ujuzi wa lugha ni urithi wa wote, hauuzwi. Lakini umeuzwa zamani. John Whitehead alitoa "Manuel de Kingwana" mwaka 1928. Edgar Polomé, aliyewahi kufundisha Elisabethville, alitoa mwongozo wake wa Kiswahili Washington mwaka 1967. Fabian huyohuyo, katika kitabu chake cha 1986 kuhusu lugha na utawala wa kikoloni, ameonyesha jinsi vijitabu vya Kiswahili vilivyotengenezwa kwa Wazungu wa Katanga vilivyojaa sentensi za kuamrisha: leta, ondoa, fanya upesi. Kwa hiyo swali la kuuza au kutouza limepitwa. Linalobaki ni nani anaandika, na mnunuzi anafundishwa kusema nini na mtu wa hapa. Napenda daktari wangu ajue kuuliza kabla hajajua kuamuru.

Najua sehemu itakayowaudhi baadhi ya walimu wangu, nao nawaheshimu. Bidhaa hizi haziwezi kuandikwa kwa Kiswahili sanifu peke yake. Mgonjwa wa mtaa wa Kenia hasemi "nahisi kichefuchefu". Anasema "niko nasikia roho inachafuka". Daktari aliyefundishwa sentensi ya kwanza tu atamfahamu mtangazaji wa redio, mgonjwa hatamfahamu. Mimi naandika zote mbili sambamba, ya mtaani kwanza. Tangu nchi yetu iingie Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, nasikia hoja kwamba wakati wa Kiswahili chetu umekwisha na sote tuelekee Dodoma. Kwa barua za ofisi, sawa. Kwa tumbo linalokata, hapana.

Halafu fotokopi. "Utauza nakala moja, zitazaliwa 20," wananiambia wenzangu wa idara ya Kifaransa, na wana haki. Sheria ipo, ile ya tarehe 5 Aprili 1986 kuhusu haki za watunzi, lakini nani atampeleka jirani mahakamani kwa ajili ya kurasa 40? Mimi natazama hesabu. Kama ukurasa wa fotokopi ni faranga 100, kijitabu cha kurasa 40 kinanakiliwa kwa faranga 4,000. Ukikiuza 10,000, wewe mwenyewe umemtuma mnunuzi kwenye mashine. Kiuze chini ya 4,000 na hatakuwa na sababu ya kusimama kwenye foleni. Sauti nazo zinatumwa bure kutoka simu hadi simu, sizuii. Yule aliyetumiwa bure ndiye anayekuja wiki ijayo na swali lake mwenyewe, na jibu la swali lake haliko kwenye simu ya mtu mwingine.

Kuna ujuzi mmoja unaouzwa sana pembeni ya vyuo vyetu, nao siutetei: kumwandikia mtu kazi yake ya mwisho wa masomo. Anayeuza hiyo anauza diploma, hauzi anachokijua, na siku moja mnunuzi wake atakuwa mwalimu wa mdogo wako.

Kwa baraza la kitivo nina ombi moja. Tukubaliwe kwamba kazi ya mwisho ya mwanafunzi anayetaka iwe kijitabu cha namna hii, akiwa amekaa na mwenye ujuzi: mkunga, fundi wa magari, mdeklareji wa forodha pale Kasumbalesa. Jina la mwenye ujuzi litangulie kwenye jalada. Kabla ya utetezi, kijitabu kijaribiwe na watu watano walio kazini, na jopo lisome walichosema. Mgawanyo wa pesa uandikwe kwenye karatasi moja na kutiwa sahihi kabla kalamu haijaanza kazi. Na mwaka wa kwanza wasilazimishwe kukinunua.

Mzee na mimi tumekwisha andika mgawanyo wetu: nusu yake, robo yangu, robo ya kuchapisha. Daftari la kwanza limefika ukurasa wa 31. Bei bado tunabishana. Yeye anasema faranga 3,000, mimi nasema 3,500.